Sikulilii, Nasaga

Irindi, Upare milimani
12 Machi 2023

Sifael,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitabaki. Ulinikatia simu neno likiwa bado mdomoni, na mimi sijakatiwa neno tangu babu yako aingie kaburini. Barua haikatiki. Utaikunja, utaitia mfukoni, itakuchoma paja mpaka uisome. Anayeandika ni Mama Beatha, jirani yangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake mafuta. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, kwa hiyo maneno yangu yanatembea peku.

Sasa sikia. Kwenye harusi ya binti wa Zebedayo huko Same mliniketisha mbele na wazee, nikapewa soda na mrija. Ukatoka na bendi yako, shati linametameta kama samaki wa ziwa Jipe, gitaa limening'inia tumboni. Nikasema moyoni, yule niliyemfuta kamasi, hebu muone. Halafu ukapiga ule wimbo. Sikuhitaji kuusikia wote. Watu wakainuka, bibi harusi akainuka, mama mkwe naye akafunga kanga kiunoni, vumbi likatimka. Mimi nikaweka soda chini.

Wimbo ule umeutoa kwangu. Uliusikia ukiwa mgongoni mwangu, nikisaga ulezi wa uji wako nyuma ya jiko. Sikukufundisha. Uliuiba kwa masikio kama mtoto anavyoiba sukari, na sikukukemea kwa sababu nilidhani utausahau.

Usiupige tena. Si harusini, si baa, si popote watu wanaposhangilia. Ziko nyimbo zangu tele: za msaragambo, kijiji kizima kikichimba barabara, za kuzibua bwawa la ndiva, maji yashuke mashambani, na ile ya kumcheka mwenyekiti aliyelala kwenye mfereji. Chukua zote. Ule uache.

Usiniulize kwa nini. Nimekulea, hiyo ni sababu tosha.

Isihaka, konda wa basi la huku, atakuletea hii mkononi. Msalimie mkeo Lukia, na Blessing umbusu kisogoni, hapo panaponukia maziwa.

Bibi yako,
Rogathe


Same mjini
27 Machi 2023

Bibi, shikamoo.

Isihaka kanipa barua yako stendi mbele za watu, anapaza sauti, "Umeitwa barazani!" Nimeisoma nikacheka, nikakasirika, nikacheka tena. Samahani kwa ile simu. Lakini Bibi, ulinipigia tukiwa mazoezini, spika iko wazi, bendi nzima inasikia naitwa mwizi.

Nikwambie ukweli, usinune. Wimbo ule ndio unaotulisha. Tumeupa jina Asali ya Milimani. Kila harusi kuanzia Hedaru mpaka Mwanga wanauomba, na tukimaliza wanataka turudie. Na wanachokipenda si mtunzi, maana utunzi wenyewe haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa unaguna tu! Wanachokipenda ni vidole. Nimeukalia ule mguno wako mpaka ncha za vidole zikaota sugu, nikautafutia pa kupandia na pa kushukia. Mbio zake tu ndizo sikuzigusa. Zilikuja tayari kwa kucheza.

Najua kinachokuuma. Kwaya inaimba nyimbo zako, mwalimu anasimama anatangaza "wimbo wa asili" kana kwamba umeota porini kama uyoga. Pole kwa hilo. Lakini hata yeye ana hoja. Mwanamuziki ni mtu wa chombo, Bibi. Wewe hujashika hata kayamba. Kutunga ni kusema, na kila mtu anasema, hata kasuku. Kupiga ndiyo kazi. Tukienda studio nitawaambia waandike jina lako, basi tuishie hapo.

Blessing anabatizwa tarehe 30 Aprili. Bendi itapiga nyumbani baada ya ibada. Njoo, nitakupokea stendi mwenyewe.

Mjukuu wako,
Sifael


Irindi
13 Aprili 2023

Sifael,

Mama Beatha kasoma barua yako yote, kisha nikamwomba arudie pale pa kasuku peke yake. Kasuku! Mimi niliyekutafunia viazi.

Haya, tusemezane. Unasema mwanamuziki ni vidole. Basi kuku anayeparura bati ni mwanamuziki, na ninaye hapa, wala hadai shati la kumetameta. Alipozikwa marehemu Tumainieli, kijiji kizima kilisimama hakijui kilie nini, maana alikuwa mtu mbaya na bado alikuwa wetu. Nikatunga palepale, udongo ukiwa unarushwa. Niliimba kwamba alikuwa mwiba, lakini mwiba wa mti wetu. Mkewe akalia kwa mara ya kwanza, na waliomchukia wakalia naye. Vidole vya nani vilipiga hapo? Gitaa lako lingesema nini? Ting ting. Chombo bila neno ni debe, mjukuu wangu. Linagongwa tu, halijui linagongewa harusi au msiba.

Na hilo la studio: jina langu liandike kwenye ganda la ndizi, umpe mbuzi. Sikuombi jina. Nakuomba usimpigie mtoto wimbo ule. Wageni watacheza, maana miguu haina masikio. Mimi ninayo.

(Hapa nilimuuliza Bibi kama wimbo una maneno, akaniambia kazi yangu ni kuandika, si kuuliza. Beatha.)

Kuja siwezi. Magoti yamegoma, na mvua imeanza kula barabara. Nimempa Isihaka mahindi na maharage mkapike makande, na kitambaa cheupe cha Blessing. Ndicho ulichobatizwa nacho wewe. Kina doa la uji pembeni, ni lako, nilikataa kulifua.

Nakupenda mpaka natamani kukuchapa.

Bibi Rogathe


Same
8 Mei 2023

Bibi, shikamoo.

Kitambaa kilimkaa vizuri, na lile doa tulilionyesha wageni wote. Ubatizo ulikwenda salama. Makande yalikwisha kabla ya pilau.

Sitakuficha: niliupiga. Sikupanga. Watu walianza wenyewe, "Asali! Asali!" Mama yake Lukia, ambaye mkonge umempinda mgongo, aliacha kiti akanyoosha mikono juu. Mchungaji akawa anagonga meza kwa kidole akidhani hatumwoni. Lukia alikuwa mbele yangu kabisa, anacheza na Blessing mikononi, naye Blessing anarusha miguu, anacheka na fizi zake zote. Ningekataa vipi, Bibi? Ningewaambia nini? "Bibi yangu kasema nisiulize kwa nini"?

Kama una sababu, nipe. Kama ni wivu, nao ni ubinadamu, nitakusamehe.

Tuko wazima, ila Blessing kashika kikohozi tangu juzi, ni hii baridi. Anachekesha kweli. Anakohoa kwa mapigo: tatu, anapumzika, tatu, anapumzika. Nimemwambia Lukia huyu ni mpiga ngoma. Nikamfuatisha kwa gitaa, akatulia ananikodolea macho. Lukia anataka hospitali. Nimemwambia asihangaike peke yake na mtoto kwenye mvua, Jumamosi tuna harusi huko Kifaru, nikirudi Jumapili tutakwenda wote. Mtoto wa kwanza humtia mama woga.

Wako,
Sifael


Irindi
12 Mei 2023

Sifael,

Kabla ya yote. Kikohozi cha mtoto mchanga hakina mapigo. Mpeleke hospitali leo. Usingoje Jumapili, usingoje Kifaru. Tangu barua yako ifike tunakupigia, lakini mnara umekufa kwa mvua na simu ya Mama Beatha imebaki kuwa tochi. Barabara nayo imeporomoka. Isihaka anasema kesho atajaribu kupita.

Sasa la pili. Nimemwambia Mama Beatha afunge mlango.

Kabla yangu mama yangu alizaa mtoto wa kiume. Meno ya juu yakatangulia kutoka. Unajua zamani huku mtoto wa hivyo aliitwa nini. Kigego, mkosi wa ukoo. Siku hizi ni hadithi, wageni wanapandishwa kwenye jabali la kutupia vigego wanapiga picha. Mama yangu hakusimuliwa hadithi. Wazee wa upande wa baba walikuja asubuhi, wakamfungua mtoto mgongoni mwake akiwa bado amelala, wakampandisha kule juu. Walirudi na mbeleko tu.

Na kigego hakuzikwa, Sifael. Hakuliliwa. Mwanamke akionekana analia, walisema anauita mkosi urudi, angefukuzwa kwa mume hivyo hivyo alivyo.

Mama akawa anasaga. Alisaga ulezi, alisaga mahindi, na pasipokuwa na kitu alisaga pumba. Jiwe lilipiga kelele, na chini ya ile kelele aliweka maneno yake. Alisaga kwa mbio ili jiwe lisinyamaze, maneno yakasikika. Mtu akikaribia alifumba mdomo akaguna. Wanawake wenzake wakasema, huyu amepona, sikieni wimbo wake unavyochangamka.

Ndizo mbio zako zilizokuja tayari kwa kucheza. Ndiyo asali yako.

Mimi nilizaliwa baadaye, nikaupata mgongoni mwake kama wewe ulivyoupata mgongoni mwangu. Maneno alinipa kwenye kitanda chake cha mwisho, akaniapisha nisiyaimbe mbele ya watu, kwa aibu ya ukoo. Nimeyaimba na jiwe tu. Babu yako mwenyewe alikufa hajui. Nilipokuambia usiulize, nilikuwa nimeshika kiapo cha mama. Leo nimekiachia. Wewe ulipiga bila kujua, sina kesi na wewe. Kesi ninayo na huyo anayesema mguno hauna neno.

Mama Beatha analia kwenye karatasi. Nimemwambia aisogeze.

Mpeleke mtoto.

Bibi Rogathe


Same
4 Juni 2023

Bibi, shikamoo.

Ni mimi, Lukia. Najua mnara umepona na ungependa tuongee kwa simu. Nikikusikia nitalia tu, na leo nataka kuuliza.

Sikukushukuru siku ya mazishi. Nilikuona ukiingia uani, kanga ina tope mpaka kiunoni. Wamesema ulishuka kwa miguu ukavuka palipoporomoka, ndipo ukapata bodaboda. Mkononi ulishika barua. Kumbe ndiyo ile uliyoiandika Ijumaa, Isihaka hakupata pa kupita. Ukampa Sifael mkononi. Blessing alikuwa tayari kwenye sanduku.

Nikuambie ilivyokuwa, maana naona kila mtu anakupunguzia. Nilimngoja Sifael kama alivyosema. Jumamosi mchana mtoto akakataa ziwa. Nikampigia, simu ilikuwa kwenye begi la gitaa na yeye yuko jukwaani. Nikamfunga mgongoni nikaenda. Daktari akasema nimonia, akasema mama, mbona mmechelewa. Alisema kwa upole. Afadhali angenitukana. Alikufa wakimtafuta mshipa. Sifael alirudi kesho yake amebeba ndizi na kangoma ka plastiki.

Pale kaburini uliimba. Mimi Kipare sikijui. Mama alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, nyumbani tulisema Kiha na Kiswahili. Lakini sauti ya wimbo niliijua. Niliicheza, Bibi, Blessing akiwa mikononi. Nikadhani uchungu umekuvuruga akili. Halafu nikaona wazee wa kwenu wanavua kofia, na Mzee Zebedayo kaketi chini kwenye udongo na suti yake. Ukaimba kidogo, sauti ikakatika. Ukamtazama Sifael, ukamtazama, watu wote wakawa wanakutazama wewe. Kisha ukarudi nyuma, wakaanzisha pambio.

Tangu hapo haongei. Gitaa kalipandisha juu ya kabati, kaligeuza uso ukutani kama mtoto aliyekosa. Bendi wakija anatoka kwa mlango wa nyuma. Juzi ndiyo akafungua mdomo. Anasema alimpigia mwanawe wimbo wa mtoto aliyeuawa, na wimbo ukamchukua. Anasema ulimkataza akabisha.

Ni kweli, Bibi? Wimbo unaweza? Kama ni kweli niambie, nimchukie vizuri. Sasa hivi namchukia nusu nusu, na inanichosha.

Lukia, mama Blessing


Irindi
12 Juni 2023

Lukia binti yangu,

Wimbo hauui. Ungekuwa unaua, mimi ningekuwa nimemaliza wenyeviti wa kijiji wote.

Kilichomuua Blessing ni nimonia na kuchelewa. Nimonia haina mwenyewe. Kuchelewa kuna wenyewe. Kipande kikubwa ni cha mume wako. Kipande kidogo ni chako, kwa kumtii mtu aliyekuwa anahesabu kikohozi badala ya kukisikia. Sikufichi, maana najua kimekukalia hapo kooni, na nikisema huna kosa utajua nakudanganya na hutaniamini tena. Chukua chako, kilie kiishe. Cha mwenzako usikibebe.

Ukitaka kumchukia, mchukie kwa Jumamosi ile. Usimchukie kwa wimbo. Anajificha nyuma ya wimbo kwa sababu wimbo ni mwepesi kubeba kuliko kikohozi.

Umeuliza niliimba nini. Sijawahi kuyatoa maneno haya kwa mtu anayepumua, mpaka siku ile kaburini. Kiapo nilishakivunja, na wewe na mama yangu sasa mmekuwa watu wa nyumba moja. Kwa Kiswahili yanapungua chumvi, lakini ni haya:

Mwanangu, hawakuniacha nikufunike.
Mgongo wangu bado una joto lako.
Mvua ikinyesha huko juu, nani atakusogeza?
Wameniambia nisikulilie.
Sikulilii. Nasaga.

Basi. Ndiyo yote. Aliyarudia mpaka unga ukaisha.

Wewe umepata kumfunika wako. Sisemi ni faraja. Nasema mama yangu angekuonea wivu.

Sasa uliyoyaona pale. Niliimba mpaka kwenye mstari wa mvua, sauti ikaniishia. Ni uzee. Mstari wa mwisho ndio wimbo wenyewe, na sikuufikia. Nikamtazama Sifael. Gitaa lake wenzake walikuwa wamelileta, limeegemea mwarobaini, hatua mbili kutoka alipokuwa. Mimi niliwahi kumwambia chombo ni debe. Nilisema kwa hasira, na hasira husema nusu. Mama yangu bila jiwe asingetoa hata neno moja. Jiwe ndilo lililomshika mkono. Mimi nilikuwa natafuta wa kunishika mkono, hata kwa uzi mmoja, nimalizie. Mjukuu wangu alitia vidole kwapani.

Msomee hapa, kwa sauti, akiwa amekaa. Sifael: sikulaumu kwa harusi wala kwa ubatizo. Nakulaumu kwa kuniacha nimesimama kwenye mvua.

Kula, Lukia. Hata kama chakula kina ladha ya karatasi, kula. Maziwa yakikusumbua kifuani funga kanga kwa nguvu, yatakauka. Mimi nilizika wawili, najua yanavyokuja yenyewe wala hayajui kwamba hakuna wa kunyonya.

Bibi yako,
Rogathe


Same
23 Julai 2023

Bibi, shikamoo.

Lukia alinisomea barua yako yote, pamoja na palipo pake. Alisoma polepole kama hakimu. Alipofika pangu hakuinua macho. Alikunja karatasi, akaenda kuanika nguo.

Nilikuona unanitazama. Nataka ujue kwamba nilikuona. Vidole vilikuwa vinaujua mstari ule kuliko mimi. Niliogopa kwamba vikianza vitaupiga walivyouzoea watu, na pale kaburini mtu atatikisa bega. Ningekufa. Kwa hiyo nikavificha. Hiyo ndiyo sababu, na najua si sababu.

Juzi juzi nimelishusha gitaa. Nikampigia Blessing. Ikatoka nzuri, Bibi. Hicho ndicho kilichonitisha. Jirani akapiga kelele dirishani, "Fundi, rudia!" Hakujua napigia nini, na angejuaje? Nikalirudisha juu ya kabati, uso ukutani.

Nimekaa kutafuta maneno. Mimi niliyekuambia kila mtu anasema. Nimepata uchafu mtupu: malaika, ua, nyota. Blessing hakuwa nyota. Alinuka maziwa yaliyoganda kwenye mikunjo ya shingo, na alichukia soksi mpaka anazipiga teke. Hilo nalo nimejaribu kuliimba, nikaona natafuta watu wanionee huruma.

Jana nikapata mmoja. Lukia sijamwonyesha. Naogopa atakavyonitazama. Ni huu:

Mwanangu alikohoa, nami nikahesabu mapigo.

Sijui kama ni wimbo. Nikiutilia gitaa naona aibu, nikiuacha mtupu siwezi kuutamka, mdomo unafunga. Nimeuandika tu. Niufute?

Sifael


Irindi
6 Agosti 2023

Sifael mjukuu wangu,

Mama Beatha alifika kwenye mstari wako akakwama. Nikamwambia rudia, akasema Mama Rogathe siwezi. Nikamwambia basi weka chini, nimeshaushika. Tangu hapo natembea nao. Nimechambua maharage nao, nimekata majani ya ng'ombe nao. Nimeusukuma huku na huku nione unapolegea. Haujalegea.

Usiufute. Usiutengeneze pia. Ukiuremba nitausikia huku huku nilipo, nitashuka na fimbo.

Sauti ya wimbo wa mama yangu usiichukue, ina mtu wake. Na usiutafutie jina la asali.

Lukia lazima ausikie. Si kwa kusoma, kwa kuusikia kwako. Barabara wameifukia, basi linafika. Njooni wote wawili Jumamosi na Isihaka, nimeshamwambia awawekee viti. Gitaa liache juu ya kabati safari hii. Halijakosa kitu, lipumzike, siku yake itakuja. Ila ligeuze uso huku, linatia huruma.

Jiwe la mama bado lipo nyuma ya jiko. Kuku walilifanya kitanda. Nimewafukuza, nimelisugua kwa mchanga na maji, nimelitazama nikaona pale katikati lilivyoliwa, pameingia kama kiganja. Wewe utaketi ubavuni pake. Lukia ataketi mbele yako, akuone uso. Baada ya hapo atafanya atakalo. Akiamua kuondoka nitamfungia chakula cha njiani, sitamwomba abaki, na wewe nitakuwekea makande utakula ukiwa unalia. Akibaki, atakula kutoka sufuria hiyo hiyo. Hilo siliwezi, wala wewe huliwezi.

Lakini majirani hawahusiki. Na najua mdomo unafunga. Liko neno ambalo mtu hawezi kulitoa mara ya kwanza mahali pakiwa kimya, mwenyewe akilisikia linavyotoka. Mama hakuweza. Mimi mwenyewe niliposimama pale kaburini bila jiwe, uliona.

Magoti yamekwisha, ila mikono bado ninayo. Nimenunua ulezi, nimeupepeta.

Nitasaga. Nitasaga kwa mbio. Wewe sema.

Bibi Rogathe